Gari la spoti la bei nafuu na la bei mbaya: lipi lina raha zaidi ukiliendesha?

Ferrari 296 GTB ikiwa imesimama, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Sekunde 2.9 uko kwenye kilomita 100 kwa saa. Sekunde 7.3 zikitimia uko kwenye 200, lori lililokuwa nukta kule mbele sasa unasoma namba zake, na huna budi kuachia. Gari lina nguvu farasi 830. Umezitumia kwa muda wa kupiga chafya mara mbili tatu, na safari yote iliyobaki kazi yako ni kuzishikilia zisikuponyoke.

Rudia zoezi hilo na Mazda MX-5 ya lita 2.0, yenye farasi 184. Gia ya kwanza inaisha, unapanga ya pili, injini inapanda ikilia mpaka mizunguko 7,500 kwa dakika, na hapo ndipo unafika 100, sekunde kama sita na nusu zimepita. Miguu yote miwili imefanya kazi, mkono wa gia umefanya kazi, masikio nayo hayakulala. Gari umelitumia lote, na leseni bado iko mfukoni.

Ferrari ni gari bora kuliko MX-5 kwa karibu kila kipimo, na anayebisha hajawahi kukaa ndani yake. Ila raha ya kuendesha hutoka kwenye ile sehemu ya gari ambayo wewe unaweza kuifikia, kwa barabara ulizonazo na ujuzi ulionao. La bei nafuu unalimaliza. La bei mbaya, mara nyingi unalionja tu.

Magari manne kwenye karatasi

Hizi ni takwimu za viwanda vyenyewe kwa matoleo ya Ulaya. Uzito unapanda na kushuka kidogo kutegemea vilivyomo ndani.

| | Mazda MX-5 2.0 | Toyota GR86 | Porsche 911 Carrera (2019) | Ferrari 296 GTB |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu farasi | 184 | 234 | 385 | 830 |
| 0 hadi 100 km/h | sekunde 6.5 | sekunde 6.3 | sekunde 4.2 | sekunde 2.9 |
| Kasi ya juu | 219 km/h | 226 km/h | 293 km/h | zaidi ya 330 km/h |
| Uzito | kama kilo 1,050 | kama kilo 1,275 | kama kilo 1,505 | kilo 1,470, bila vimiminika |
| Upana bila vioo | mita 1.735 | mita 1.775 | mita 1.852 | mita 1.958 |

Watu wengi husoma jedwali kama hili kuanzia juu. Mimi naanza chini, kwenye upana, safu ambayo hakuna anayeitaja kijiweni. Barabara yenye njia ya mita tatu inaipa MX-5 nafasi ya sentimita 126 za kuchezea ndani ya njia yake. Ferrari inabakiwa na 104. Hizo 22 zinaonekana chache mpaka uingie kwenye kona ya mlimani, ukuta wa mawe upande mmoja, basi linakuja upande wa pili. Aliye kwenye gari jembamba anaweza kuanza kona kwa nje, akaigusa kwa ndani, akatoka kwa nje tena, yote hayo bila kukanyaga mstari wa kati. Aliye kwenye gari pana anawaza rimu zake.

Halafu uzito. Kusimamisha gari la kilo 1,505 kutoka mwendo uleule kunazipa breki joto la kumeza lililozidi lile la gari la kilo 1,050 kwa zaidi ya asilimia 40. Na gari zito huwa lina nguvu, kwa hiyo linafika kwenye kona likiwa na mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ndio mkali wa hesabu hizi: kutoka 100 kwenda 140 tu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima inakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana magari makubwa ya spoti yanafungwa diski pana kama sinia. Zinahitajika. Gari jepesi halina shida hiyo tangu mwanzo.

Kona ya mita 50

Tuchukue kona moja yenye nusu kipenyo cha mita 50. Tuseme gari la bei nafuu, kwa tairi zake za kawaida, linashika barabara kwa nguvu ya 0.9 ya mvutano wa dunia, na lile la bei mbaya lenye tairi pana na laini linashika kwa 1.1. Hesabu inasema la kwanza litaanza kuteleza kwenye kilomita kama 75 kwa saa, la pili kwenye 83 au 84.

Yaani ndani ya kona, pale ambapo mtu anayependa kuendesha anaishi, tofauti ni kama kilomita nane tu. Pengo kubwa liko kwenye mnyooko unaofuata, na mnyooko hauhitaji ustadi wowote zaidi ya mguu mzito.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hailionyeshi. Gari jepesi lenye tairi nyembamba linaanza kukuambia hali yake mapema. Kwenye 60 MX-5 inaegemea upande, wakosoaji huliita hilo kosa, lakini ule mwegemo ni taarifa: unajua tairi ipi inabeba mzigo na imebakiza kiasi gani. Usukani unaanza kuwa mzito, kisha unalegea kidogo pale tairi za mbele zinapochoka. Una muda wa kusikia na kujibu. Gari la tairi za inchi 20 linakaa kimya, kimya, kimya, limetulia kama meza, na linapoanza kuongea uko kwenye mwendo ambao jibu linatakiwa kabla ya swali kuisha. Kuifikia hali hiyo barabarani ni uhuni. Mahali pake ni kiwanja cha mbio.

Toyota walilijua hili vizuri walipoitoa GT86 mwaka 2012 wakishirikiana na Subaru. Gari la spoti lenye farasi 200, halafu wakalifunga tairi za Michelin Primacy za 215/45 R17 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita), aina ileile iliyokuwa ikifungwa kwenye baadhi ya Prius, gari lao la familia la kubana mafuta. Watu walicheka. Tetsuya Tada, mhandisi mkuu wa mradi huo, alikuwa amekusudia: tairi isiyong'ang'ania sana inamruhusu dereva wa kawaida kucheza na sehemu ya nyuma ya gari kwa mwendo usioua. Wanunuzi wengi kitu cha kwanza walichofanya ni kubadilisha tairi, waweke pana zaidi, kisha wakalalamika kwamba gari halina nguvu. Kweli, kwa tairi zile mpya halikuwa nayo.

Klachi waliyoidai matajiri

Unakaribia kona ukiwa gia ya tatu. Sehemu ya mbele ya wayo wa kulia iko kwenye breki. Mguu wa kushoto unazamisha klachi, mkono unarudisha gia ya pili, na papo hapo ubavu wa mguu uleule wa kulia unachokoza pedali ya mafuta kidogo tu, mizunguko ya injini ipande ilingane na gia ya chini. Unaachia klachi. Ukipatia, gari halishtuki hata kidogo, linapita kona kama lilikuwa linakusubiri. Ukikosea, linapiga kichwa kama mbuzi aliyevutwa kamba, na abiria anakutazama. Siku za mwanzo utakosea mara saba katika kumi. Baada ya mwezi utakosea mbili, na zile nane zitakufanya utafute sababu ya kutoka nyumbani.

Gia za kisasa za magari ghali, zile zenye klachi mbili, zinafanya kazi hiyo yote zenyewe kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hazikosei. Kwa kutafuta muda mzuri kwenye mzunguko, ni bora kuliko binadamu yeyote. Ila wewe umebaki kuvuta kipande cha plastiki nyuma ya usukani.

Hii si hadithi ya wasio na pesa kujifariji. Mwaka 2013 Porsche waliitoa 911 GT3 mpya, lile toleo la 911 la kwenda kiwanjani, bila gia za mkono kabisa. Wateja wake, watu ambao pesa si tatizo lao, walinung'unika. Mwaka 2016 kampuni ikaja na 911 R, yenye gia za mkono pekee, magari 991 tu, na bei yake mikononi mwa watu ikaruka kupita ile ya dukani. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa gia za mkono kwa anayezitaka. Watu wenye uwezo wa kununua chochote walidai wapewe kitu ambacho MX-5 haikuwahi kuacha kukiuza.

Hata hivyo kuwa na klachi hakutoshi, lazima gia zenyewe zipangwe kwa ajili ya barabara. Porsche 718 Cayman GT4, gari zuri ajabu, lina gia ya pili ndefu inayopita kilomita 125 kwa saa kabla ya kuisha. Maana yake barabarani unaendesha kwa gia mbili, na ile ya pili huimalizi. Ya pili ya MX-5 inaisha kwenye 100 hivi. Unapanga gia, unarudisha, unapanga tena. Mkono haupumziki, na ndivyo ulivyotaka.

Pale ambapo pesa inaongea

Nisije nikaonekana naifanyia MX-5 kampeni. Kuna vitu ambavyo gari la bei nafuu haliwezi kukupa hata ulibembeleze.

Cha kwanza ni injini. Ile ya 911 GT3 ya sasa ni ya lita 4.0, silinda sita, haina turbo, farasi 510, na inazunguka mpaka 9,000. Kutoka 6,000 kwenda juu mlio unabadilika mara mbili, na nywele za shingo zinasimama bila ruhusa yako. Ya GR86 inafanya kazi yake kwa bidii, lakini mlio wake ni wa mashine inayofanya kazi, kiasi kwamba Toyota wameuongezea sauti kupitia spika za ndani. MX-5 ina injini changamfu, inayopenda kuzungushwa, ila hakuna atakayerekodi mlio wake auweke kwenye simu.

Cha pili ni uvumilivu. Kwenye kiwanja cha mbio, baada ya mizunguko mitano au sita ya nguvu, gari la bei nafuu lisiloongezewa kitu linaanza kuchoka: pedali ya breki inalainika, mafuta ya breki yanachemka, tairi zinavimba na kuteleza. GT3 imezaliwa kwa kazi hiyo, hata diski zake za kauri, ukizilipia, hazijui maana ya kuchoka. Na ukipita 180 kwa saa, gari ghali linatulia barabarani wakati dogo linaanza kupeperuka kidogo mbele.

Cha tatu ni ile hali ya kulitazama. Kufungua mlango, kukaa chini kabisa, watoto wananyoosha vidole. Hiyo nayo ni raha, na mtu asione haya kuilipia. Ajue tu kwamba anailipia hiyo.

Magari nafuu yana kero zake pia. MX-5 ina buti la lita 130 hivi, begi mbili ndogo limejaa, na mtu mrefu anaendesha magoti yakigusa usukani. Kwenye barabara kuu upepo na tairi vinapiga kelele mpaka unazima redio. Viti vya nyuma vya GR86 ni vya koti na mkoba. Kupita lori kwenye mlima kunataka hesabu, si kukanyaga tu.

Gharama ya kulitumia, tofauti na ya kulinunua

Tairi za MX-5 ni 205/45 R17, saizi ambayo muuzaji yeyote wa tairi anaijua. Ferrari 296 GTB nyuma inavaa 305/35 R20. Padi za breki, diski, mafuta ya injini, bima, vyote vinafuata mstari huohuo. Kwa hiyo mwenye gari la bei nafuu anaingia kiwanjani leo, Jumapili ijayo anarudi. Mwenye la bei mbaya anaingia mara moja kwa mwaka, na mizunguko miwili ya kwanza anafikiria kokoto zinazorushwa na gari la mbele.

Kwenye mzunguko wa kaskazini wa Nürburgring, Ujerumani, kilomita 20.8 ambazo mtu wa kawaida anaweza kukata tiketi akaingia na gari lake, ukigonga uzio unalipia na uzio. Hofu ya aina hiyo ina uzito wake ndani ya gari. Mtu anayeogopa haendeshi vizuri, na asiyeendesha vizuri hafurahii. Namna hii ya kuliangalia jambo haiingii kwenye takwimu za kiwanda, lakini kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Kuna mtego mmoja hapa. Gari ghali lililotumika, miaka kumi na tano barabarani, unaweza kulikuta kwa pesa ya GR86 mpya. Linavutia. Kumbuka kwamba bei ya gari ndiyo iliyoshuka, spea hazikushuka. Diski, shokapu na klachi bado vinauzwa kwa bei ya gari lilivyokuwa jipya, na ubovu mmoja unaweza kula nusu ya ulichonunulia. Porsche za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Boxster na 911 za aina ya 996, zinajulikana kwa beringi ya shafti ya kati ambayo ikifa inaweza kuondoka na injini nzima. Ukikuta moja ambayo beringi hiyo imeshabadilishwa na risiti ipo, ni gari tamu la kununua. Ukikuta muuzaji anakwambia "hii haina shida hiyo, boss," omba risiti tena.

Ladha nyingine

Raha haikai kwenye viti viwili na paa la kukunja pekee. Suzuki Swift Sport iliyoingia mwaka 2017 ilikuwa chini ya kilo 1,000 kwa farasi 140, inavutwa na tairi za mbele, na ukiachia mafuta katikati ya kona nyuma inajipanga yenyewe. Toyota GR Yaris ya 2020 ilizaliwa kwa sababu ya mbio za rali: injini ya silinda tatu, lita 1.6, farasi 261, tairi zote nne zinasukuma. Hiyo ikinyesha mvua utawaacha wenye magari ya mara tano ya bei yake. Honda Civic Type R inabeba familia na mizigo, na bado lever yake ya gia ni kati ya bora kabisa zilizopo.

Na katikati ya bei kuna Alpine A110 ya mwaka 2017, mwili wa alumini, kilo kama 1,100, farasi 252. Otomatiki tu, kwa bahati mbaya. Ingekuwa na klachi makala haya yangeishia hapa.

Mazda wenyewe wana neno la Kijapani wanalolitumia kwa MX-5 tangu ilipotoka Chicago mwaka 1989 ikiwa na injini ya 1.6 na farasi wasiozidi 120: jinba ittai, mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Wametengeneza zaidi ya milioni moja.

Uchukue lipi?

Kama unaendesha kila siku, barabara zako zina kona, na gari hili ndilo la spoti pekee utakalokuwa nalo, chukua la bei nafuu na sehemu ya pesa iliyobaki nunua siku za kiwanjani na mwalimu. Saa tatu na mwalimu mzuri zinaongeza mwendo kuliko farasi 100. Kati ya MX-5 na GR86, mimi ningechukua MX-5 kwa barabara na GR86 kwa kiwanja, kwa sababu paa gumu la GR86, difu yake inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma, na nguvu yake ya ziada vinavumilia zaidi. Ulaya GR86 mpya iliuzwa kwa miaka miwili tu kabla ya kanuni mpya za usalama kuifungia mlango mwaka 2024, kwa hiyo huko utatafuta iliyotumika.

Kama una uwezo wa kulinunua la bei mbaya mara mbili, yaani pesa ya gari na nyingine kama hiyo ya kulitunza bila kukunja uso, na kiwanja kiko karibu, GT3 yenye gia za mkono itakupa kitu ambacho hakuna gari dogo litakalokupa. Likikulazimu ukope mpaka kwenye kope, liache.

Katikati ya hapo, usiamue kwa karatasi. Omba kuyaendesha yote mawili siku moja, kwenye barabara ileile. Zima redio. Anza na lile ghali, maana ukianza nalo la pili halitapata msaada wa ugeni. Tafuta kona moja unayoijua, ipite mara tatu kwa mwendo wa kawaida kabisa, wa kwenda sokoni. Halafu angalia mikono yako: kwenye gari lipi ilikuwa na kazi ya kufanya?